Texas na mkeka: nini kimekatazwa, nini kimeachwa, na ukidhulumiwa unakwenda kwa nani

DerevaWaI20 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ligi za Ulaya zikifunguliwa, makundi yetu ya WhatsApp ya Dallas na Fort Worth yanajaa swali lile lile la wageni: "Jamani, hapa mnabetije? Nimepakua programu, inanigomea." Majibu ya vijiweni nayo yanaanza. Mmoja anatishia jela, mwingine anasema mbona sisi tunabeti kila wikendi, wa tatu anatuma linki ya tovuti ambayo hata haijulikani imesajiliwa kisiwa gani. Nimeamua niyaweke pamoja ninayoyajua. Mimi si mwanasheria, naendesha lori, ila sheria yenyewe si ndefu na yeyote anaweza kuisoma.

Marekani haina sheria moja ya kubeti kwa nchi nzima. Mwaka 1992 Congress ilipitisha sheria ya kuyazuia majimbo kuruhusu kubeti michezo, na ikabaki Nevada peke yake ikichukua madau ya mechi moja moja kihalali. Tarehe 14 Mei 2018 Mahakama ya Juu ikaifuta sheria hiyo katika kesi iliyoanzia New Jersey, ikasema kila jimbo lijiamulie. Tangu hapo majimbo zaidi ya 35 yamefungua mlango. Texas, yenye watu zaidi ya milioni 30, imekaa palepale. Mwenzake mkubwa ni California, ambako wapiga kura walilikataa jambo hili mwaka 2022.

Hapa Texas katazo limeanzia kwenye katiba. Ibara ya 3, kifungu cha 47, inaliamuru bunge la jimbo lipige marufuku bahati nasibu, na kila kilichoruhusiwa baadaye kimepita kama tundu lililotobolewa kwa kura ya wananchi: bingo ya hisani mwaka 1980, madau ya mbio za farasi 1987, bahati nasibu ya jimbo 1991. Kubeti mpira, kikapu, ngumi, hakuna tundu.

Adhabu ipo kwenye sheria ya jinai, sura ya 47. Mchezaji akikamatwa ni kosa la Class C, daraja moja na kosa dogo la barabarani: faini isiyozidi dola 500, jela hakuna. Anayechukua madau ya watu au kuendesha mahali pa kuchezea ndiye mwenye kesi. Huyo ni Class A, hadi mwaka mmoja wa jela ya kaunti na faini hadi dola 4,000.

Sasa hoja yangu, na najua wengine tutapishana. Katazo hili silioni likimzuia mtu kubeti. Ninachokiona ni kwamba limemwondolea mtu mahali pa kulalamika. Kule Tanzania kampuni ikikunyima ushindi wako, ipo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Utazungushwa, utachoka, lakini ofisi ipo na leseni ya kampuni iko mikononi mwake. Hapa Dallas tovuti ikikukalia dola 3,000 unampigia nani? Polisi? Utaanza maelezo kwa kusema "afande, nilikuwa natenda kosa, halafu nikaibiwa"?

Karibuni. Wenye kujua zaidi warekebishe.

Kinda_la_Temeke

Mkuu subiri kwanza. Nchi ya uhuru, bunduki mnanunua dukani kama sukari, halafu mkeka wa buku mbili ni kosa la jinai? 😂 Huku Temeke kibanda cha kubeti kiko mlangoni kwa kinyozi.

Halafu nilisoma kwamba Dallas wamepangiwa mechi za Kombe la Dunia 2026. Yaani watu watakaa uwanjani hawaruhusiwi kubeti mechi wanayoiangalia?

DerevaWaI20

Ndivyo hivyo mkuu. Uwanja wa Arlington umepangiwa mechi 9, nusu fainali ikiwemo, na Houston mechi 7. Mtu wa New Jersey aliyekaa kwenye kochi lake anabeti mechi ya Arlington kihalali. Aliyelipa tiketi akakaa nyuma ya goli, programu inamgomea, maana haiangalii unaishi wapi wala leseni yako ya udereva ni ya jimbo gani. Inaangalia simu imesimama wapi dakika hiyo.

Sisi wa malori hili tunalijua sana. Ukishika I-20 kwenda mashariki, ukivuka Waskom tu uko Louisiana, na kule kubeti kwa simu kumeanza Januari 2022. Umri ni miaka 21. Hata kule si kila mahali: parishi 55 kati ya 64 ndizo zilizokubali kwenye kura ya 2020 (parishi ndiyo kaunti yao), kwa hiyo ukiingia parishi iliyokataa programu inazima tena. Ukishika I-30 hadi Texarkana, upande wa Arkansas inafunguka. Barabara inayowadanganya wengi ni I-35 kwenda kaskazini. Pale Thackerville kuna WinStar, kasino kubwa kupindukia ya Wachickasaw, moja ya mataifa ya wenyeji asilia, na maegesho yake yamejaa namba za Texas. Watu wanadhani palipo na kasino pana mkeka. Oklahoma haijaruhusu kubeti michezo. Utapata mashine na meza, mpira hakuna.

Na VPN (programu ya kuficha mahali ulipo) msijaribu. Hizi kampuni zenye leseni zina uchunguzi wa mahali ulipo ambao unakubana hadi kwenye mtandao wa wifi. Ukifaulu kuidanganya ikakubali dau, siku ya kutoa ndipo watakapokagua, na masharti uliyoyakubali bila kusoma yanawapa haki ya kufuta ushindi.

MamaTatu_Houston

Wadau, mimi ni Mkenya niko Houston na ninaomba mnieleze kitu kimoja. Kama ni marufuku, zile klabu za poka zenye mabango makubwa barabarani zinafanyaje kazi? Na zile mashine za kwenye petroli stesheni, unaingia kununua maziwa unakuta wazee wamekaa nyuma ya pazia wanabonyeza vifungo tangu asubuhi. Zile nazo ni nini?

DerevaWaI20

Mama Tatu umegusa penyewe.

Klabu za poka zinapumulia kwenye kifungu kimoja tu. Sheria inasema ukishtakiwa kwa kucheza kamari unaweza kujitetea kwa mambo matatu: mlikuwa mahali pa faragha, hakuna aliyepata faida yoyote isipokuwa pesa aliyoshinda mwenyewe mezani, na nafasi za kushinda na kushindwa zilikuwa sawa kwa wote, ukiacha ustadi na bahati. Kifungu hiki kiliwalenga watu wanaocheza karata sebuleni. Wenye klabu wakakikunjua: sisi hatukati chochote kwenye dau la mezani, tunauza uanachama na muda wa kukaa kwenye kiti. Je, mahali ambapo yeyote analipa uanachama mlangoni ni pa faragha? Kila mji una jibu lake. Mwaka 2019 Houston walivamia klabu mbili kwa kishindo, kisha mashtaka yakafutwa. Dallas walizipa kibali, baadaye wakageuka wakaenda mahakamani. Ukicheza humo, jua unacheza juu ya hoja ambayo bado mawakili wanaigombania.

Mashine za petroli stesheni ndiyo dubwi zetu, zile mashine za kamari za mitaani kwetu, zimehamia Texas. Kuna msamaha kwenye sheria uliowekwa kwa ajili ya michezo ya watoto, ile ya kunasa mwanasesere kwa mkono wa chuma: mashine ni halali kama zawadi si pesa taslimu, na thamani yake kwa mchezo mmoja haizidi mara kumi ya bei ya kucheza au dola 5, kilicho kidogo kati ya hivyo. Sasa niambie kama wale wazee nyuma ya pazia wanasubiri mwanasesere. Pesa inalipwa chini ya kaunta. Siku ikifika sherifu anabeba mashine na noti zote zilizo ndani, na aliyekuwa karibu kushinda anarudi nyumbani na maziwa yake.

Ustadhi_Mvita

Assalaam aleykum. Nimesoma kwa makini na mleta uzi namheshimu, ila hoja yake siikubali.

Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Fort Worth. Nimeona kwetu kamari iliporuhusiwa ikaingia ndani ya simu ya kila kijana. Karo inachezwa, kodi ya nyumba inachezwa, mkopo wa simu unakopwa ili uchezwe. Mahali pa kulalamika palikuwepo tangu sheria ya 1966, na juzi 2025 wametunga nyingine na mamlaka mpya. Palimsaidia nani? Hasara ya kijana wa Kisauni haikutokana na kampuni kumnyima ushindi. Ilitokana na kampuni kumlipa mara moja, akarudi mara hamsini. Texas wakikataa, mimi nasema wacha wakatae. Kizuizi hata kikiwa cha karatasi kinamrudisha nyuma yule ambaye hajaanza.

DerevaWaI20

Waaleykum salaam ustadhi. Hapo kwa "ambaye hajaanza" nakubaliana nawe kabisa, na sina jibu la kukushinda. Mtu ambaye programu inamgomea mara ya kwanza, wengi wanaacha hapo hapo.

Ila tusiwape wakubwa wa Austin, makao makuu ya jimbo, sifa ambayo si yao. Jimbo hili hili linauza tiketi za kukwangua hadi za dola 100 moja, la kwanza Marekani kufanya hivyo, mwaka 2022. Ingia duka lolote la mtaa wa kipato cha chini uone foleni ni ya nini. Na ngoja nikukumbushe sakata la bahati nasibu. Aprili 2023 kulikuwa na jakpoti ya dola milioni 95. Namba zote zinazowezekana ni kama milioni 25.8, tiketi moja dola 1. Kundi moja likapanga mashine za kuchapa, likanunua karibu namba zote, likashinda. Watu wa kawaida waliosimama foleni siku zile walikuwa wanachangia chungu ambacho tayari kina mwenyewe. Februari 2025 tiketi nyingine, safari hii ya jakpoti ya milioni 83.5, ikashinda baada ya kununuliwa kupitia programu ya mawakala wa kununulia watu tiketi, na hapo gavana akaagiza uchunguzi. Bunge likaivunja tume nzima ya bahati nasibu, na kuanzia Septemba 2025 kazi ikahamia idara ya leseni za jimbo. Mawakala wa mtandaoni wakapigwa marufuku.

Angalia vizuri lakini: watu walipiga kelele, na kelele zikawa na mahali pa kufikia, kwa sababu ile ni kamari yenye anwani. Ya tovuti za gizani haina.

Kinda_la_Temeke

Sawa, sasa nani hasa anazuia? Maana matajiri wa timu wote wangetaka, pesa iko hapo.

DerevaWaI20

Swali zuri, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo penye utamu.

Kwa kuwa katazo liko kwenye katiba, sheria ya kawaida haitoshi. Azimio la kubadili katiba linahitaji theluthi mbili za kila bunge: kura 100 kati ya 150 kwenye baraza la wawakilishi, na 21 kati ya 31 kwenye seneti. Kisha linakwenda kwa wananchi. Gavana hana saini hapo. Na bunge la Texas linakaa kikao cha kawaida mara moja kila miaka miwili, mwaka usiogawanyika kwa mbili, siku 140 tu. Ukikosa, unasubiri.

Wanaotaka si wadogo. Timu kama Cowboys na Mavericks zimeungana na kampuni za kubeti kwenye ushawishi, na msemaji wao amewahi kuwa Rick Perry, gavana wa zamani wa jimbo hili hili. Upande wa kasino kuna Las Vegas Sands, ambao tangu kikao cha 2021 wamejaza Austin washawishi. Mwishoni mwa 2023 Miriam Adelson, mwenye hisa nyingi za Sands, na familia yake wakainunua Mavericks. Kila mtu alielewa kwamba hapo kikapu hakikuwa peke yake akilini.

Mei 2023 walikaribia kuliko wakati wowote. Azimio la kubeti michezo kwa simu lilipata kura 101 dhidi ya 42 kwenye baraza la wawakilishi. Moja tu juu ya mstari! La kasino lilipata 92 kwa 51, likafa. Lile la kubeti likavuka kwenda seneti, na seneti ina mlango mmoja, na ufunguo anao naibu gavana Dan Patrick. Yeye ndiye anayeongoza seneti tangu 2015, ndiye anayeamua muswada gani uende kamati gani na gani ufie kwenye droo. Alisema wazi kwamba haupeleki mbele muswada usioungwa mkono na maseneta wengi wa chama chake cha Republican. Ukafia kwenye droo. Kikao cha 2025 hata kura ya baraza la wawakilishi haikufika. Kikao cha kawaida kinachofuata ni Januari 2027, na hata mambo yakinyooka huko, bado kuna kura ya wananchi, kisha leseni. Anayekuambia "mwakani wanaruhusu" anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Upande unaopinga nao ni mchanganyiko. Kuna makanisa ya Kibaptisti yenye nguvu, kuna wanaopinga kwa dhati kwa sababu za ustadhi hapo juu, na kuna jirani zetu wa majimbo ya mpakani ambao kila Ijumaa jioni wanawaona Watexas wakija na pochi. Hao wa mwisho hawahitaji hata kusema neno.

KijanaWaArlington

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi hapa. Kuna programu mbili darasani kila mtu anazo. Moja unachagua wachezaji, unasema huyu atafunga pointi zaidi au pungufu. Nyingine inasema yenyewe si kubeti, ni soko, unanunua mkataba wa "ndiyo" au "hapana". Zote zinafunguka Texas na ukiwa na miaka 18 unaingia. Zinakuwaje halali?

DerevaWaI20

Marahaba. Hizo ni mbili tofauti, usizichanganye.

Ya kuchagua wachezaji inajiita mchezo wa ustadi. Januari 2016 mwanasheria mkuu wa Texas, Ken Paxton, alitoa maoni rasmi kwamba michezo ya aina hiyo ya kulipia ni kamari haramu, kwa sababu mwenye programu anakata chake. Maoni ya mwanasheria mkuu si hukumu. Kampuni moja kubwa iliondoka, ikarudi baada ya miaka miwili, nyingine ikakimbilia mahakamani, na bunge halijasema lolote la mwisho. Kwa hiyo zinaishi kwenye ukungu.

Ya pili, soko la utabiri, ina leseni ya serikali kuu. Inasimamiwa na tume ile inayosimamia masoko ya mahindi na mafuta ghafi ya baadaye, CFTC. Kampuni moja ya masoko hayo, Kalshi, walianza mikataba ya michezo Januari 2025 na wakaifungua katika majimbo yote, Texas na Utah zikiwemo. Majimbo kama Nevada, New Jersey na Maryland yakasema huu ni mkeka uliovaa suti. Wakaburuzana mahakamani, na majaji wametoa majibu yanayopingana: New Jersey jaji alisimama na kampuni, Maryland alisimama na jimbo. Sielewi kwa nini Texas, yenye maneno makali hivi juu ya kamari, iliruhusu mlango wa mbele ufungwe kwa kufuli huku dirisha la jikoni liko wazi, lakini ndivyo ilivyo.

Ukiniuliza mimi, kama mtoto wangu: ada yako kwanza.

Mtoto_wa_Bukavu

Bandugu, mimi niko Abilene. Nasoma hii yote na roho inaniuma, kwa sababu ile mambo ya kukosa pa kulalamika imenipata.

Kulikuwa site moja, sitataja jina. Rafiki wa kazini alinionyesha. Kadi ya benki ilikatalia, wakaniambia tuma kwa kripto, nikatuma. Nilicheza kidogo kidogo, nikashinda kidogo, wakanilipa. Halafu nikashinda ya maana, mechi ya Champions League. Kutaka kutoa, wakasema lipa kwanza pesa ya uhakiki. Nikalipa. Wakasema sasa lipa kodi ya Amerika kwanza. Nikalipa tena nusu. Halafu konti ikafungwa, na yule mtu wa kuchati akapotea. Bibi yangu hajui mpaka leo.

Naogopa kwenda polisi sababu makaratasi yangu ya uraia iko karibu.

DerevaWaI20

Pole sana ndugu. Kwanza nikueleze kwa nini kadi ilikatalia: kuna sheria ya nchi ya mwaka 2006 inayowabana mabenki na wapitisha malipo wasihudumie kamari haramu ya mtandaoni. Ndiyo maana tovuti hizi zote zinakusukuma kwenye kripto. Ukiona hivyo tu, ondoka.

Pili, ile ya "lipa uhakiki" na "lipa kodi kwanza" haikuwa hata kubeti. Ni utapeli wa kawaida, na ungekuwa utapeli hata kama Texas ingeruhusu kila kitu. Kodi ya ushindi unailipa mwenyewe kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ukijaza fomu zako za mwaka, haipelekwi kwa mtu wa kuchati. FBI wana kituo cha kupokea malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni, IC3, unajaza kwenye intaneti. Pesa kurudi sikuahidi.

Suala la uraia namwachia Binti_Karani, yeye anafanya kazi ofisi ya mawakili wa uhamiaji. Dada, upo?

Binti_Karani

Nipo. Nilikuwa nafuatilia kimya.

Sisemi kama wakili, ila haya yako kwenye sheria. Ukiomba uraia unatakiwa uonyeshe maadili mema kwa miaka mitano ya nyuma, au mitatu kama umepitia ndoa na raia. Sheria ya uhamiaji inataja kamari kwa jina, sehemu mbili. Ya kwanza, mtu ambaye kipato chake kikuu kinatokana na kamari haramu. Ya pili, mtu aliyetiwa hatiani kwa makosa mawili au zaidi ya kamari ndani ya kipindi hicho. Na fomu N-400 inauliza moja kwa moja kama umewahi kucheza kamari kinyume cha sheria au kupata kipato cha namna hiyo.

Sasa unganisha na ile faini ya dola 500 ambayo wengi mnaicheka. Unakamatwa kwenye chumba cha mashine, unapewa karatasi, unaona ni dola mia kadhaa tu, unalipa kwenye dirisha ili yaishe. Kulipa namna hiyo kwa kawaida ni kukubali kosa. Umetiwa hatiani mara moja. Mwaka unaofuata inatokea tena, unalipa tena. Kwa Mmarekani ni pesa ya chakula cha jioni kilichoharibika. Kwako wewe mwenye kadi ya kijani ni kizuizi kilichoandikwa kwenye sheria. Hata ile njia ya kuahirisha hukumu mpaka kesi ifutwe, ambayo mahakama ndogo za hapa zinaipenda, uhamiaji wanaweza kuihesabu kama hatia. Usilipe karatasi yoyote ya kamari kabla wakili wa uhamiaji hajaiona.

Ndugu wa Abilene: kushtaki aliyekutapeli si kosa. Lakini usijaze N-400 peke yako, na usiandike uongo kwenye lile swali. Tumeona uongo mdogo ukiua faili ambalo ukweli usingeliua. Nenda kwa wakili ukamweleze yote, mazungumzo yenu ni siri.

Na suala la kodi. Ushindi wote wa kamari ni kipato, hata ulioupata Louisiana kihalali, hata kama hukupewa karatasi yoyote. Kuanzia mwaka wa kodi 2026 hasara unaruhusiwa kukata asilimia 90 tu. Kwa hiyo ukishinda dola 10,000 na ukapoteza 10,000, kwa macho ya IRS umebaki na dola 1,000 ya kulipia kodi.

MamaTatu_Houston

Hiyo ya mwisho imenimaliza. Unalipia kodi pesa uliyopoteza?

Binti_Karani

Ndiyo dada. Na kukata hasara kwenyewe ni kwa anayeorodhesha makato yake moja moja. Wengi wetu tunachukua makato ya jumla, kwa hiyo hata hiyo 90 hatuipati.

Ustadhi_Mvita

Mleta uzi, umeona? Hoja yako ya mahali pa kulalamika nimeielewa sasa, lakini hapa hata mwenye leseni analia.

DerevaWaI20

Nimeona ustadhi 😅

Kinda_la_Temeke

Swali la mwisho wakuu. Bro wangu yuko Irving, ndiye anayeshika pesa kwenye kundi lao. Watu kama 20, kila derby ya Simba na Yanga wanamtumia dola 20 kwa simu, anaandika utabiri wa kila mtu, anayepatia anachukua, yeye anabaki na dola 20 ya usumbufu. Hiyo nayo ni noma?

Binti_Karani

Hiyo ndiyo inayonitia hofu kuliko zote kwenye uzi huu. Tafsiri ya kuchukua madau katika sheria ya Texas ni kupokea na kuandika, au kupitisha, madau zaidi ya matano ndani ya saa 24. Au madau yanayozidi dola 1,000 kwa jumla ndani ya saa hizo. Au mpango wa watu watatu au zaidi wa kufanya hivyo. Kaka yako ana watu 20 kwa siku moja, anaandika, na anabaki na kitu. Ile Class C ya mchezaji haimhusu tena. Anaingia kwenye Class A, na ushahidi wote ameuandika mwenyewe kwenye kundi, na majina na namba za simu.

Sitasema polisi wa Irving wanahangaika na Simba na Yanga. Ila siku mmoja wenu akigombana naye juu ya pesa, picha za skrini ziko tayari.

Kinda_la_Temeke

Duh. Nimemtumia linki ya uzi. Anauliza, akiacha kuchukua ile 20 yake?

Binti_Karani

Mwambie aondoe ile 20, aache kukusanya kwenye simu, wenye kutaka wakutane nyumbani kwake wenyewe kwa wenyewe, dau sawa, mezani, aliyeshinda aondoke na chote. Hapo angalau yale masharti matatu ya faragha aliyoyaeleza mleta uzi yana pa kusimama. Kama bado ana kadi ya kijani na anangoja uraia, mimi ningemwambia aangalie mpira tu.

Kinda_la_Temeke

Amejibu: "Basi Jumamosi waje sebuleni, ila pilau kila mtu achangie." Nimemuuliza mchango wa pilau nao anauandika kwenye kundi?